Ukavu ndio ghali: mavazi ya pikipiki ya mwaka mzima Mwanza

Mgeni akiambiwa Mwanza kuna baridi, hucheka. Mji uko chini kidogo tu ya ikweta, na saa nane mchana hakuna anayekaa juu ya mawe ya Capri Point kwa hiari. Lakini mpandishe mgeni huyo bodaboda pale Buhongwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, umpeleke Kirumba akawahi samaki wa Mwaloni. Akishuka atakuwa ameshaacha kucheka. Ikiwa ni mwezi wa nne na mvua imewakuta Mkuyuni, hata kuhesabu noti za nauli vidole vitakataa.

Kwanza ni mwinuko. Mwanza iko takriban meta 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Kwa aliyelala ndani hilo si neno. Aliye juu ya pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa, upepo humvua lile tabaka la hewa ya uvuguvugu linaloshikamana na ngozi, na mwili ukitengeneza jingine linachukuliwa papo hapo.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, ziwa linabaki na uvuguvugu wake, pepo za nchi kavu zinakutana juu ya maji na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri, na ndiyo maana mvua ya Mwanza ina mazoea ya kufika asubuhi, saa ile ile watu wanapowahi kazini na watoto shuleni. Wenzetu wa Bukoba, upande ambao mawingu hayo husukumiwa, wanapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi tunapata nusu yake au zaidi kidogo, na bado inatutosha kulowa.

Kwa hiyo mtu wa pikipiki huku hana msimu wa likizo. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, katikati yake Januari na Februari hudondosha mvua za hapa na pale. Kiangazi kina vumbi na ubaridi wa alfajiri. Na katika miezi yote hiyo mchana unaweza kufika nyuzi 28 na kuendelea. Nguo ya kuendeshea mwaka mzima lazima ikubali yote hayo, wakati mwingine ndani ya siku moja.

Baina ya upepo na maji, adui mkubwa ni maji. Lita moja ya maji iliyonyonywa na nguo inahitaji kama kilojuli 2,400 za joto ili ikauke, na alfajiri juu ya pikipiki joto hilo halitoki juani, linatoka mwilini mwako. Mtu aliyekaa bila kazi ya nguvu huzalisha joto la kama wati 100. Shati na suruali ya jinzi zikinyonya nusu lita tu, kuzikausha kunataka joto lote la mwili wako kwa zaidi ya saa tatu. Huna joto hilo la kugawa, na ndiyo maana unatetemeka. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba tangu enzi za babu zetu, inauma kusema hivi, lakini pamba ndiyo nguo mbaya kuliko zote chini ya mvua: inakunywa maji, inakaa nayo, na ikishalowa haina joto la kukupa.

Kwa hesabu hiyo, ninachotaka kumwambia mnunuzi ni kimoja. Katika mji huu joto linauzwa kwa bei ya kutupa. Ukavu ndio ghali. Pesa ya kwanza iende kwenye ukavu, na inayobaki ndiyo itafute joto.

Vijiweni wengi hufanya kinyume. Hununua vyote viwili katika nguo moja: jaketi zito la kuvimba la mtumba, lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya theluji. Kiangazi linafaa kwa saa mbili za alfajiri. Masika ni mzigo, kwa sababu kitambaa chake cha nje hakikutengenezwa kuzuia mvua inayosukumwa na mwendo. Pamba yake bandia ikishajaa maji jaketi huvuta mabega chini, na kwa hali ya hewa ya Aprili halikauki kabla ya kesho kutwa. Mchana nalo huwezi kulivaa, kwa hiyo linaishia kufungwa juu ya tangi la mafuta. Nguo mbili nyembamba, moja ya kuzuia mvua na moja ya kutunza joto, zinakupa mavazi manne: zote mbili, ya nje tu, ya ndani tu, au hakuna.

Kuna ubunifu mmoja wa maafisa usafirishaji wetu (ndivyo Serikali inavyowaita siku hizi, na wenyewe wamelipenda) ambao naupa heshima yake: kuvaa koti kinyume, mgongo mbele na zipu nyuma. Mgeni huona kichekesho, lakini kuna akili ndani yake. Upepo wote unapiga kifua, na zipu ndiyo tundu kubwa la koti. Ukiligeuza, kifua kinapata kitambaa kizima. Kwa alfajiri kavu ya Julai sina ugomvi nalo. Kwa mvua halifai kabisa, maana maji ya kichwani yanashuka moja kwa moja kwenye uwazi wa mgongoni, na ukianguka huwezi kulifungua mwenyewe.

Sasa twende sokoni. Bei nitakazotaja ni makadirio ya kupangia bajeti, si nukuu ya duka lolote; msimu na mdomo wako vitazisogeza juu au chini.

Ya kwanza, na ndiyo inayovaliwa na wengi, ni suti ya plastiki ya PVC, koti na suruali, inayouzwa imekunjwa ndani ya mfuko wake kwenye maduka ya spea na kwa wamachinga. Nyepesi iweke kwenye elfu 15 hadi 25. Nzito, yenye kitambaa upande wa ndani, elfu 35 hadi 50. Kitu cha kujua ni kwamba PVC yenyewe haipitishi maji hata kidogo, iwe ya bei ya chini au ya juu. Tofauti yote iko kwenye mishono. Suti ya bei ya chini imeshonwa kwa sindano na kuachwa hivyo, na kila tundu la sindano ni mlango. Suti nzuri imeunganishwa kwa kuyeyushwa, au mshono wake umefunikwa ndani kwa utepe wa plastiki uliobandikwa kwa joto. Geuza koti nje ndani pale pale dukani. Usipouona utepe, wala alama ya kuyeyushwa, punguza bei au ondoka.

Ukague zaidi sehemu moja ambayo muuzaji hatakuonyesha: mshono wa katikati ya suruali, pale makalio yanapokutana na siti. Mvua inakusanyika kwenye siti kama bwawa dogo na wewe umelikalia. Shinikizo la uzito wako linayasukuma maji juu, na suti nyingi zinavujia hapo kabla ya mahali pengine popote. Mwombe muuzaji akuruhusu kumimina maji kidogo ya chupa ndani ya suruali, kwenye mkunjo huo, huku ukiishika kama mfuko. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Kisha ivae na ukae juu ya pikipiki, hata kama ni ya mtu mwingine iliyoegeshwa nje. Ukisimama kila suti inakutosha. Ukikaa na kushika usukani, mikono inarudi nyuma na kuacha viganja wazi, suruali inapanda hadi nusu ya muundi, mgongo unafunuka kiunoni. Kwa kawaida utahitaji saizi moja zaidi ya unayovaa siku zote. Angalia pia kama zipu ina kifuniko juu yake chenye vifungo au mkanda wa kunata. Zipu tupu ya plastiki huvuja kwa mstari mzima kifuani.

Aibu ya PVC ni jasho. Haitoi mvuke, kwa hiyo ukipanda mlima wa Bugando na abiria na mzigo, baada ya nusu saa ndani kunakuwa na umande na unalowa kutokea upande wa pili. Dawa yake si kuvaa shati la pamba ndani "linyonye jasho", kama wengi wanavyodhani, bali sweta jembamba la nyuzi bandia au la sufu, na kufungua shingo na vifundo vya mikono kila mvua inapokatika. Na PVC haipatani na ekzosi. Suruali pana ikigusa bomba la moto mara moja tu, unabaki na tundu lenye ukubwa wa kiganja na harufu itakayokufuata wiki nzima. Funga mguu wa kulia kwa mpira, chini ya goti na juu ya kifundo.

Juu ya PVC kuna suti za nailoni au poliesta iliyopakwa utando wa plastiki upande wa ndani. Ni laini, hazipasuki kwa kukunjwa na huchukua nafasi ndogo chini ya siti. Hizi ndizo zenye lebo za namba: 1,500, 5,000, 10,000 milimita. Namba hiyo inaeleza mnara wa maji ambao kitambaa kinaweza kuubeba kabla ya kuanza kudondosha. Milimita 1,500 zinamtosha anayetembea kwa miguu chini ya manyunyu. Kwa aliyekaa juu ya siti yenye maji na kupigwa na mvua ya mwendo, tafuta 5,000 kwenda juu, na 10,000 ndipo unapoweza kusahau mvua. Neno la kujihadhari nalo ni lile linalosema nguo "inahimili" maji badala ya kuyazuia. Inayohimili itakufikisha kutoka Nyegezi hadi stendi ya Buzuruga kwenye manyunyu. Magu haitakufikisha.

Sasa mitumba, ambayo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika. Ukienda Mlango Mmoja siku ya kufungua belo, ukawa na macho na subira, unaweza kupata kwa elfu 20 au 40 jaketi ambalo mwenyewe wa kwanza alilinunua Ulaya kwa zaidi ya mshahara wa mwezi wa mtu wa huku. Ninazungumzia majaketi ya kupandia milima yenye utando unaozuia maji ya nje lakini unaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Wa kwanza wa aina hiyo ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969, alipoivuta kwa ghafla plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, ikageuka utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke unapita. Leo ziko aina nyingi za namna hiyo. Zitambue kwa utepe juu ya kila mshono wa ndani, kwa zipu zilizofunikwa mpira, na kwa kofia yenye kamba za kubana.

Lakini jiulize kwa nini mwenye jaketi aliligawa. Mara nyingi ni kwa sababu limekufa, na kifo chake hakionekani likiwa limetundikwa. Utando wa poliyurethani huoza kwa umri na unyevu: unakuwa wa kunata, unachanika magamba, na unatoa harufu kali ya uchachu kama ya matapishi. Ligeuze nje ndani, sugua bitana kwa dole gumba kwenye mabega na kofia, kisha nusa. Likinata, likiacha unga mweupe kidoleni, au likikukunjisha pua, liache hata kwa elfu 3. Utepe wa mishono ukiwa umeanza kuinuka pembeni, hesabu miezi, si miaka. Jaketi lililofaulu mtihani huo lakini maji yanalowanisha kitambaa chake cha nje badala ya kuteleza, hilo bado ni zima. Limepoteza dawa yake ya juu tu. Lifue kwa sabuni kidogo, suuza sana, usitumie kabisa dawa ya kulainisha nguo, likikauka lipitishe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Mara nyingi matone huanza kuteleza tena.

Mitumba hii ilinusurika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni taratibu; Marekani ikatishia kufunga mlango wa soko lake la AGOA, na wengi wakarudi nyuma isipokuwa Rwanda. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu viwanda vyetu vya nguo, nami ninayo. Ila hadi leo sijaona kiwanda cha Kanda ya Ziwa kinachoshona koti la mvua la kuendeshea pikipiki, na soko lake lipo kila kona.

Onyo moja zito kabla hujatoka Mlango Mmoja. Miongoni mwa majaketi bora kabisa ya mvua yanayokuja kwenye belo ni ya majeshi ya nje, yenye madoadoa au rangi ya kijani ya kijeshi. Yaache. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wote waliokuwa nayo wayasalimishe. Ukisimamishwa barabarani ukiwa nalo, hakuna utetezi wa "nililinunua mtumbani".

Kuna majaketi halisi ya pikipiki, yenye vikinga vya mabega, viwiko na mgongo. Mapya ya kuagiza yanaanzia laki kadhaa na kupanda, na ukiongeza suruali na buti umefika bei ya pikipiki iliyotumika. Faida yake si mvua, ni lami: koti la PVC halikupi kinga yoyote ukiburuzwa barabarani. Majaketi ya viwango vya Ulaya huwa na lebo ya EN 17092 yenye herufi, AAA ikiwa ya juu na A ikiwa ya chini kwa nguo kamili za kuendeshea, na vikinga vyake huandikwa EN 1621. Kwa mtu anayezunguka mjini siku nzima ni ya moto mno, na sitamshauri. Kwa anayekwenda Shinyanga au Musoma kila wiki, ningemwambia atafute la mtumba lenye vikinga vyake bado ndani, avae suti ya PVC juu yake mvua ikija. Na kama bajeti inatosha koti hilo au helmeti nzuri, sio vyote, anunue helmeti.

Mwamvuli mkubwa unaofungwa kwenye usukani, unaopendwa na wenzetu wa Kenya, sina mengi ya kuusemea. Unamkinga abiria na jua, unauza matangazo, na kwenye upepo wa ubavuni unaendesha pikipiki badala yako. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, waliokuwa wakingoja kivuko sasa wanavuka kilomita 3 juu ya maji ya wazi. Pale mwamvuli ni hatari tupu. Shuka ya mvua yenye tundu la kichwa nayo inapeperuka, ila ina kazi moja nzuri nitakayoitaja mbele.

Miguu na mikono ndiko pesa ndogo inakofanya kazi kubwa, na ndiko watu wanakobania. Vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki. Gambuti la elfu 15 hadi 25 linatosha, lakini chagua lenye pua nyembamba, lipite chini ya pedeli ya gia bila kukwama, na soli yenye meno, maana tope la Igoma na Kishiri halina huruma na soli laini. Suruali ya mvua ikae nje ya buti. Ukiichomeka ndani umejenga mfereji, na kabla ya kufika Kisesa utakuwa umebeba ziwa lako mwenyewe mguuni. Buti likitoboka, mpira wa kweli unazibwa na fundi pancha kwa solusheni na kiraka. La plastiki solusheni haishiki, hata fundi akuapie.

Kwa mikono, usihangaike na glavu za dukani zenye nembo za mashindano. Nyingi ni za mapambo. Nunua glavu za sufu au za kufuma za elfu 2 au 3, na juu yake vaa glavu pana za mpira, zile ndefu za wanaofanya kazi ya samaki. Mkono wa koti ufunike glavu na ubanwe kwenye kifundo, ili maji yanayoshuka kutoka kiwikoni yapite nje. Au mwone fundi wa maturubai akushonee vifuniko viwili vya usukani, mifuko inayomeza mkono pamoja na breki na klachi. Mwambie aache nafasi ya kutosha, utoe mkono kwa haraka bila kunasa. Gharama yake ni kipande cha turubai na dakika chache za cherehani, na kwa Julai wala huhitaji glavu ndani yake.

Zamani mifuko ya rambo ilifanya kazi nusu ya hizi: mmoja kila mguu, mmoja kwenye simu, mmoja kichwani mwa abiria chini ya helmeti. Tangu Juni 1, 2019 ilipopigwa marufuku, kijiwe kimelazimika kununua vitu vya kudumu zaidi, na kwa simu kile kifuko cha kuzuia maji cha kuning'iniza shingoni kimekuwa cha lazima, maana abiria wa siku hizi anakuita kwa simu.

Joto sasa. Hapa sina haja ya kukaa. Sweta la manyoya bandia la mtumba, elfu 5 hadi 10, jepesi, hukauka usiku mmoja hata masika. Mzula wa sufu unaoingia chini ya helmeti. Skafu ya kuziba shingo, kwa sababu koti lolote huvujisha joto shingoni. Suruali ya mazoezi ya nyuzi bandia badala ya jinzi. Na siku umesahau sweta, gazeti la jana lililokunjwa mara mbili kifuani chini ya koti linazuia upepo vizuri ajabu. Yote kwa pamoja hayafiki elfu 25.

Tukokotoe kwa mwaka. Suti nyepesi ya elfu 20 kwa dereva wa kila siku mara nyingi haimalizi zaidi ya msimu mmoja. Vuli moja na masika moja ni suti mbili, elfu 40. Suti nzito ya elfu 45 yenye mishono iliyozibwa, ukiitunza, inaweza kufika miaka miwili: ni kama elfu 22 na nusu kwa mwaka. Jaketi zima la mtumba la elfu 30, pamoja na suruali ya PVC ya elfu 15, ni elfu 45 zile zile, na unapata jaketi lisilokufanya utoke jasho. Ukiweka mfano kwamba asubuhi ya mvua unayoikaa kibarazani inakupotezea elfu 8, suti ya elfu 45 imejilipa kwa asubuhi sita. Aliye kwenye mkataba na tajiri wa pikipiki anaijua hesabu hii vizuri, kwa kuwa tajiri hapokei mvua kama udhuru.

Kwa dereva wa bodaboda, basi, chaguo langu ni suti nzito ya PVC, kwa sababu inavumilia shuruba, grisi na abiria wenye mizigo. Aongeze ile shuka ya mvua ya tundu la kichwa kwa ajili ya abiria. Mama aliyevaa nguo za ofisi atamchagua yeye kati ya kijiwe kizima. Kwa mwalimu, muuguzi au bwana shamba anayekwenda na kurudi mara moja kwa siku, jaketi la mtumba lenye utando na suruali ya mvua ya kuvulia mlangoni. Kwa anayeendesha kiangazi tu na mvua ikinyesha anapanda daladala, sweta na vifuniko vya usukani vinamtosha, asidanganywe kununua zaidi.

Rangi nayo usiisahau. Suti nyingi ni nyeusi au buluu iliyokolea, na mvua ya alfajiri inakuficha kwa dereva wa lori anayetoka Usagara na kioo chenye ukungu. Chukua ya njano au ya chungwa ukiipata. Ukiikosa, vaa reflekta juu ya koti la mvua, si chini yake.

Ukifika nyumbani itundike kivulini mahali penye upepo, mbali na jiko, wala usiikunje ikiwa mbichi, kwa kuwa ukungu unakula gundi ya mishono kabla ya kitambaa. Na nenda kanunue Septemba, wakati jua linawaka, muuzaji ana stoo iliyojaa na hana wateja. Ukisubiri mvua ya kwanza ya Oktoba utakuta foleni, saizi yako imekwisha, na bei imepanda.